Tenda na Tendua: Historia ya Fosfati katika Kimeng'enya cha Msuli

Kusudi la makala haya ni kusimulia jinsi wataalamu walivyopata kujua kwamba kimeng'enya kimoja cha mwili wa binadamu huamshwa kwa kutiwa fosfati na hulazwa kwa kuvuliwa fosfati hiyo. Habari ni ya elimu ya kemia, na huenda msomaji akauliza yafaa nini kuwekwa mbele ya watu wa lugha. Yafaa kwa sababu sehemu kubwa ya habari hii ni habari ya majina. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi kitu kimoja kiliitwa kwa jina lililosema kinafanya kazi gani, na kazi hiyo siyo waliyokuwa wakiiona mbele yao. Jina lilipoanza kutiliwa shaka, herufi zake ziliachwa zilivyo zikapewa maana nyingine, na maana ile ya pili nayo haikuwa sawa. Tena, jambo lililokuja kugunduliwa baadaye lina umbo ambalo sarufi ya Kiswahili imelijua tangu zamani.

Kwanza tuseme neno juu ya istilahi. Vitabu vyetu vya sayansi huita kimeng'enya kile kitu cha jamii ya protini ambacho huharakisha mabadiliko ya kemia mwilini bila chenyewe kuliwa na mabadiliko hayo. Neno limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, kama chakula kinavyofanywa tumboni. Ni neno zuri, nami sina ugomvi nalo, ila lina upungufu mmoja: viko vimeng'enya ambavyo havimeng'enyi chochote. Vingine hujenga, vingine hubandika kitu kidogo juu ya kitu kikubwa, vingine hubandua. Anayelisikia neno kwa mara ya kwanza hudhani kila kimeng'enya kina meno. Nalitaja hili mapema kwa kuwa, kama tutakavyoona, mabingwa wakubwa wa Marekani nao walidanganywa na dhana iyo hiyo, ijapokuwa hawakujua Kiswahili.

Mnamo mwaka wa 1857 Claude Bernard, bingwa wa elimu ya mwili huko Ufaransa, alitoa katika ini kitu cheupe mfano wa wanga, akakiita kwa jina ambalo sisi twaandika glikojeni. Glikojeni ni akiba. Mwili huchukua glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, ukaiunganisha moja kwa moja kama shanga katika uzi wenye matawi mengi, ukaihifadhi katika ini na katika misuli. Akiba ya ini ni ya mwili mzima: sukari ikipungua katika damu, ini hutoa. Akiba ya msuli ni ya msuli wenyewe, haitoki nje. Huwekwa kwa saa ya kukimbia na kunyanyua. Swali lililowashughulisha watu baada ya Bernard lilikuwa hili: akiba hiyo hufunguliwa na nani, na anayeifungua hupata amri wapi?

Jibu la nusu ya kwanza lilitoka kwa mume na mke, Carl Cori na Gerty Cori. Wote wawili walizaliwa Prague mwaka wa 1896, wakasoma udaktari pamoja, wakaoana mwaka wa 1920, wakahamia Marekani mwaka wa 1922. Walikaa kwanza Buffalo, kisha mwaka wa 1931 wakaenda St. Louis katika Chuo Kikuu cha Washington. Huko mume alipewa uprofesa. Mke, aliyefanya naye kazi ile ile katika chumba kile kile, alipewa cheo cha msaidizi wa utafiti na mshahara mdogo. Hakupata kuwa profesa kamili ila mwaka wa 1947, na ndio mwaka waliopewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bernardo Houssay wa Ajentina.

Mwaka wa 1936 akina Cori walisaga msuli wa chura, wakauosha, wakautia katika maji yenye fosfati. Wakaona glikojeni inakatika, na kila glukosi inayotoka imebeba fosfati mahali pasipojulikana kabla yake. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa glikojeni haikatwi kwa maji, kama chakula kinavyokatwa tumboni, bali kwa fosfati. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo wakakiita fosforilasi. Kufikia mwaka wa 1943, wakishirikiana na Arda Green, waliweza kukitoa katika msuli wa sungura kikiwa fuwele safi, na kazi hiyo ya kupata fuwele za kimeng'enya ilihesabiwa siku zile kuwa ushindi mkubwa.

Ndipo matata yalipoanza. Fosforilasi ilionekana katika sura mbili. Sura ya kwanza, waliyoiita a, ilifanya kazi peke yake. Sura ya pili, waliyoiita b, haikufanya kazi mpaka itiwe asidi ya adenili, kitu ambacho kwa herufi za Kiingereza huitwa AMP. Tena katika msuli mlikuwamo kimeng'enya kingine ambacho kikiachwa pamoja na a huigeuza kuwa b. Tazama sasa jinsi fikra ilivyokwenda, maana kila hatua ilikuwa ya akili. Ikiwa b yahitaji asidi ya adenili, na a haihitaji, basi bila shaka a tayari inayo ndani yake, imeshikamana nayo. Na ikiwa kimeng'enya kile cha tatu hugeuza a kuwa b, basi bila shaka huiondoa asidi ile. Wakakipa jina la herufi mbili, PR, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiondoa kundi lililoambatana.

Hoja ilikuwa nzuri, na lau kuwa kemia huenda kwa uzuri wa hoja ingalikuwa kweli. Walakini asidi ya adenili ilipotafutwa katika fosforilasi a, haikuonekana. Ilitafutwa tena, haikuonekana. Jina lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu, likisema kuwa kipo kinachoondolewa, ilhali kinachoondolewa hakijulikani kilipo.

Mwaka wa 1953 ukapatikana ushahidi mwingine huko huko St. Louis. Ilipimwa kuwa molekuli ya a ni kubwa mara mbili ya molekuli ya b. Basi ikasemwa kuwa kazi ya kimeng'enya cha PR ni kupasua: hukata a katikati, zikatoka b mbili. Na kwa kuwa katika Kiingereza neno la fosforilasi na neno la kupasua huanza kwa herufi hizo hizo P na R, hapakuwa na haja ya kubadili jina. Herufi zilikaa, maana ikahama. Sijui kama iko lugha isiyokuwa na mifano ya namna hii, ya jina la zamani kuvishwa maana mpya ili watu wasisumbuke, lakini mara chache mambo hayo hutokea mbele ya macho yetu, katika chumba kimoja na katika muda wa miaka minane tu. Maana ya pili ilikaribia kweli zaidi ya ile ya kwanza, kwa kuwa ni kweli a hugawanyika kuwa b mbili. Ila kupasuka huko ni matokeo tu, na sababu yake ilikuwa bado imefichika.

Sasa twende Seattle. Edwin Krebs, aliyezaliwa Iowa mwaka wa 1918, alikuwa daktari wa tiba aliyefanya kazi kwa akina Cori toka 1946 mpaka 1948, kisha akaajiriwa katika chuo kikuu cha huko pwani ya magharibi. Edmond Fischer alizaliwa Shanghai mwaka wa 1920, akalelewa na kusoma Uswisi, na mjini Geneva alikuwa ameshughulika na fosforilasi ya viazi. Alifika Seattle mwaka wa 1953. Walipokutana waliona kuwa kila mmoja anayo nusu ya kitendawili: fosforilasi ya viazi haitaki asidi ya adenili hata kidogo, na ile ya msuli yaitaka. Kwa nini ndugu wawili wa kazi moja wawe na haja mbalimbali? Wakaamua kutafuta asidi ile ina kazi gani. Jambo hilo hasa hawakulipata. Lilielezwa na wengine baadaye. Walipata kitu walichokuwa hawakitafuti.

Walianza kwa kutengeneza fosforilasi a kama walivyofundishwa na maandiko ya St. Louis. Maandiko yalisema majimaji ya msuli uliosagwa yachujwe kwa karatasi ya kuchujia. Wao waliona ni afadhali kuyasafisha kwa mashine izungushayo kwa kasi, ili taka zishuke chini. Majimaji yalitoka safi, lakini ndani yake mlikuwa na b tupu, a haikuonekana. Waliporudi kwenye karatasi, a ikaonekana tena. Hapo mtu mwenye haraka angalisema, "Basi na tutumie karatasi," akaendelea na shughuli yake. Wao waliuliza karatasi imefanya nini.

Karatasi ilikuwa na kalisi, ile iliyomo katika chokaa. Kidogo sana, iliyobaki katika kutengenezwa kwake. Kalisi hiyo ilidondoka katika majimaji ikaamsha kimeng'enya kilichokuwamo humo ambacho hakuna aliyekijua. Tena waliona kuwa kalisi peke yake haitoshi. Lazima iwepo ATP, kile kitu ambacho mwili hukitumia kama fedha taslimu ya nguvu zake, nacho kina fosfati tatu mfululizo. Mambo haya waliyatangaza mwaka wa 1955. Maana yake ni kwamba msuli uliotulia una fosforilasi b. Fosforilasi a ambayo akina Cori waliitoa kwa miaka mingi wakidhani ndiyo sura ya asili ilitengenezwa mezani pao, katika karatasi ya kuchujia, wakati wa kuisafisha.

Kilichofuata kilikuja upesi. Kimeng'enya kile kipya, ambacho sasa huitwa kinasi ya fosforilasi, huchukua fosfati ya mwisho ya ATP na kuibandika juu ya b. Basi b iliyobandikwa fosfati ndiyo a. Wakati ule ule, huko Cleveland, Earl Sutherland, naye aliyetoka katika chumba cha akina Cori, alikuwa akichunguza fosforilasi ya ini akiwa pamoja na Walter Wosilait. Wao walilijia jambo kwa mlango wa nyuma: walitazama fosforilasi ikilala, wakaona kila inapolala hutoa fosfati. Hivyo makundi mawili, moja likitazama kuamka na jingine likitazama kulala, katika viungo viwili mbalimbali, yalikutana katika fosfati moja. Na kimeng'enya cha PR? Hakikuondoa asidi ya adenili, wala hakikupasua kitu. Kazi yake ni kubandua fosfati. Molekuli ikibanduliwa fosfati hulegea, na pande zake mbili hutengana zenyewe.

Fosfati katika protini haikuwa kitu kigeni. Ilijulikana tangu karne ya 19 kuwa protini ya maziwa ina fosforasi, na mwaka wa 1932 Phoebus Levene na Fritz Lipmann walionyesha katika protini ya kiini cha yai kuwa fosfati imeshikwa na asidi amino iitwayo serini. Lakini maziwa na yai ni vyakula vya mtoto, hivyo watu walidhani fosfati imewekwa humo kama masurufu ya safari. Hapana aliyefikiri kuwa yaweza kuwa amri. Mwaka wa 1959 Fischer, Krebs na wenzao walionyesha ni mahali gani hasa fosfati inapokaa katika fosforilasi: ni serini moja tu katika kila pande la molekuli, na leo twajua kuwa ni ya 14 katika mfululizo wa asidi amino zaidi ya mia nane. Mahali pamoja katika mia nane, na kwa pahali hapo kimeng'enya kizima huamka au hulala!

Yafaa niongeze hapa mzaha wa historia. Akina Cori walisema kuwa fosforilasi ina kitu kilichoambatana nayo, wakakosea kitu chenyewe. Mwaka wa 1957, katika chumba chao wenyewe, ilionekana kuwa fosforilasi kweli ina kitu kilichoambatana nayo, katika a na katika b sawasawa, nacho ni umbo la vitamini B6 lenye fosfati. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo iliyo katika mwili wa mtu imo katika fosforilasi ya misuli yake. Kwa hiyo katika kimeng'enya kimoja mna fosfati za namna tatu: moja hutumika kukatia glikojeni, moja imo ndani daima pamoja na vitamini, na ya tatu huja na kuondoka. Si ajabu watu walipotea njia. Gerty Cori alifariki mwaka huo huo wa 1957 baada ya kuugua miaka kumi maradhi ya uboho wa mifupa.

Sasa nirudi kwa sarufi, kama nilivyoahidi. Kiswahili kina kauli ambayo wanasarufi huiita ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua, bandika, bandua, vaa, vua. Mwanafunzi anayeanza hudhani kuwa kauli hiyo ni kinyume tu, aina ya kukana. Sivyo. "Hakufunga" si sawa na "alifungua". Anayefungua anafanya kazi yake mwenyewe, tena kazi ambayo haiwezekani ila kwanza pawe na kilichofungwa. Wala kufungua si kufunga kulikorudishwa nyuma hatua kwa hatua. Aweza mmoja kufunga kwa fundo na mwingine akafungua kwa kisu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa vimeng'enya hivi viwili. Kinasi hubandika fosfati kutoka kwa ATP. Fosfatasi huibandua, lakini hairudishi kwa ATP. Fosfati huachwa majini, na gharama ya ATP imekwisha kulipwa. Ni vitenzi viwili vyenye watendaji wawili, na kila mtendaji anazo amri zake.

Kosa la St. Louis, tukilitazama kwa macho ya sarufi, lilikuwa la kuchagua kitenzi. "Kuondoa" na "kupasua" ni vitenzi visivyokuwa na kauli ya kutendua. Kilichopasuliwa hakipasuliki kinyume. Chahitaji kitenzi kingine kabisa, kama kuunga au kushona. Aliyekwisha kuamini kuwa PR hupasua hakuwa na sababu ya kutafuta kimeng'enya kinachorudisha, na kwa kweli katika miaka ile hapana aliyeweza kugeuza b kuwa a katika chupa. Sidai kwamba Mswahili angaligundua mapema. Nasema tu kuwa lugha ya Kiingereza haikuwapa wataalamu jozi iliyo tayari, nao wakachukua kitenzi kilichokuwa karibu.

Jinsi amri inavyofika kwa kinasi ni hadithi ndefu, nami nitaipita kwa haraka. Sutherland alionyesha kuwa homoni ya adrenalini, itokayo katika tezi zilizo juu ya mafigo mtu anaposhtuka, haiingii ndani ya chembe hai. Hubisha hodi nje, na ndani hutengenezwa mjumbe wa pili, aina ya asidi ya adenili iliyofungwa mduara. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1971. Mwaka wa 1968 Krebs pamoja na Walsh na Perkins walionyesha kuwa mjumbe huyo huamsha kinasi moja, nayo hubandika fosfati juu ya kinasi ya fosforilasi, nayo ndiyo hubandika juu ya fosforilasi. Kila hatua huzidisha ile iliyotangulia, hata homoni kidogo sana ikafungua akiba kubwa. Na kalisi ya karatasi ile? Msuli unapokunjwa, kalisi humwagwa ndani yake; ndiyo inayoukunja. Kalisi iyo hiyo huamsha kinasi ya fosforilasi, ili nguvu na kazi ziende pamoja. Basi uchafu wa karatasi ulikuwa ukisema habari ya kweli juu ya msuli ulio hai, ila hakuna aliyekuwa akiusikiliza.

Upande wa pili wa akiba, yaani kujenga glikojeni, una kimeng'enya chake, kilichotambuliwa na Luis Leloir wa Ajentina mwaka wa 1957. Hicho nacho hutiwa fosfati, lakini kwake fosfati ni usingizi. Amri moja ikitoka, anayebomoa huamka na anayejenga hulala, wasije wakafanya kazi ya bure wakibomoleana. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama vitabu vingine vidogo vinavyosema, kuwa fosfati huamsha. Fosfati hubadili umbo, na umbo ndilo huamua.

Umbo lenyewe lilionekana wazi katika miaka ya 1980, wakati fuwele za fosforilasi zilipochunguzwa kwa miali ya eksirei, huko Oxford na Louise Johnson na wenzake, na huko San Francisco na Robert Fletterick na wenzake. Katika b, ncha ya mwanzo ya uzi wa protini, ile yenye serini ya 14, imelegea bila mahali pa kukaa. Ikitiwa fosfati, ambayo ina chaji hasi, ncha hugeuka, hukaa vizuri penye mpaka wa pande mbili za molekuli, ikashikwa na asidi amino zenye chaji chanya, moja ya upande wake na moja ya upande wa pili. Pande zile mbili hujipinda, mlango wa mahali pa kazi ukafunguka. Tena katika hali hiyo kimeng'enya hakisikii sana zile dalili zinazoilaza b, kama wingi wa ATP. Ni mfano wa kengele ya hatari: ikilia, hapana anayeuliza kama ghala limejaa.

Hata hapa nimesema mengi ya sungura. Binadamu ana fosforilasi tatu, ya msuli, ya ini na ya ubongo, zinazotokana na jeni tatu, nazo hufanana sana na za sungura. Maana ya kimeng'enya hiki kwa mtu ilionekana mwaka wa 1951, kabla ya mambo ya Seattle. Brian McArdle, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza habari ya kijana wa miaka 30 ambaye tangu utotoni misuli yake iliuma na kukakamaa kwa kazi ndogo tu. McArdle alimwambia akunje na kukunjua ngumi huku damu ya mkono imezuiwa, kisha akapima asidi ya laktiki, ambayo kwa mtu yeyote hupanda msuli unapofanya kazi bila hewa. Kwa kijana huyo haikupanda. Akaamua kuwa msuli wake hauwezi kuvunja glikojeni iliyomo. Mwaka wa 1959 vikundi viwili vya Marekani vilionyesha kuwa katika misuli ya wagonjwa wa namna hiyo fosforilasi haimo kabisa. Ghala limejaa, na mwenye ufunguo hayupo. Hapo fosfati na kinasi na homoni zote hazina la kufanya.

Wenye maradhi hayo, ambayo hurithiwa, mara nyingi hukaa miaka mingi bila kutambuliwa, nao huitwa wavivu shuleni na kazini. Lina jambo la ajabu: mgonjwa akipunguza mwendo bila kukata tamaa, baada ya dakika kama kumi maumivu hupungua, akaweza kuendelea, kwa kuwa damu imeanza kuletea misuli glukosi na mafuta kutoka kwingine.

Sasa iko sehemu ya pili ya jambo, nayo ni kudumu kwa kimeng'enya. Mpaka hapa tumesema juu ya kuamka na kulala, kana kwamba kimeng'enya chenyewe hudumu milele. Lakini protini huchakaa na hubomolewa, na fosfati ina sauti huko pia. Nitatoa mifano miwili ya binadamu inayopingana na mfano wa fosforilasi.

Mfano wa kwanza ni kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka wa 1964 na Toshiharu Nagatsu na wenzake, ambacho hugeuza asidi amino ya tirosini hatua ya kwanza katika njia ya kutengeneza dopamini na adrenalini. Dopamini ikizidi hurudi na kukishika kimeng'enya hiki. Kikiwa kimeshikwa hakifanyi kazi, lakini ni kigumu, hakiharibiki upesi. Kikitiwa fosfati katika serini ya 40, dopamini huachia. Kimeng'enya huamka, lakini hupoteza ugumu wake. Yaani kilicholala hudumu, na kilichoamka huchakaa. Ni biashara ambayo kila mfanyakazi aijua.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika chembe hai za binadamu mna fosfatasi iitwayo Cdc25A, inayoisukuma chembe igawanyike. Mwaka wa 2000 ilionyeshwa huko Copenhagen kuwa urithi wa chembe, yaani DNA, ukidhuriwa kwa miali, kinasi ya ulinzi hubandika fosfati juu ya Cdc25A, na kwa alama hiyo Cdc25A huvunjwavunjwa upesi, ili chembe isigawanyike kabla ya kutengeneza kilichoharibika. Tazama: kimeng'enya ambacho kazi yake ni kubandua fosfati za wengine huangamizwa kwa kubandikwa fosfati. Na uangamizo huo hauna kutendua. Fosfati iliyobandikwa juu ya fosforilasi yaweza kubanduliwa baada ya dakika chache. Cdc25A iliyokwisha kuvunjwa hairudi, bali lazima itengenezwe nyingine. Hapa kitenzi cha kupasua, kilichokosewa huko St. Louis, kimepata mahali pake.

Fischer na Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1992, miaka 37 baada ya karatasi ile. Katika miaka hiyo fosfati ilikuwa imeonekana karibu kila mahali. Mwaka wa 1979 Tony Hunter wa California aliiona katika tirosini, na hilo nalo kwa bahati: alitumia dawa iliyokuwa imekaa ikazidi uchachu, ikatenganisha alama mbili ambazo dawa mpya ingaliziacha zikiwa zimelaliana. Kinasi 518 zilihesabiwa katika urithi wa binadamu mwaka wa 2002, na mwaka mmoja kabla yake dawa ya imatinib, inayozuia kinasi iliyoharibika katika aina moja ya saratani ya damu, iliruhusiwa kutumika Marekani. Krebs alifariki mwaka wa 2009. Fischer mwaka wa 2021, akiwa na umri wa miaka 101.

Ama kile kimeng'enya cha PR, utafiti wa miaka ya baadaye umeonyesha kuwa hakina kazi ya fosforilasi peke yake. Hubandua fosfati katika protini nyingi sana, katika msuli, katika ini, na katika chembe zinazogawanyika. Mwaka wa 1983 Philip Cohen na mwenzake, wakizipanga fosfatasi za mwili, walikipa jina jipya, fosfatasi ya protini ya 1. Safari hii jina limetaja kazi yake kwa ufupi, kisha likafuatiwa na namba.